Alizeti ikiota, mafuta yake yanaenda wapi? Mnunuzi anasema yamekwisha

#1 Mkulima_Bweyale
Habari zenu humu. Nina swali la alizeti, wenye elimu mnisaidie maana maneno ya sokoni yamenichosha. Mvua ya mwisho ilitukuta vichwa vishakatwa viko juu ya turubai, vikalowa, tukaanika tena, lakini wakati wa kupura nikaona mbegu nyingi zimetoa kamzizi keupe, kengine kafupi hata hakaonekani vizuri, kengine urefu wa punje ya mchele. Nikakausha, nikapeleka. Mnunuzi akachota konzi moja, akapasua kadhaa kwa kucha, akasema "mzee hii mafuta yamekwisha, imejila yenyewe", akakata nusu ya bei hapo hapo. Sasa nauliza, mafuta yanaisha vipi ndani ya mbegu ambayo hata jani haijatoa? Yanaenda wapi? Na kama yamekwisha kweli, yeye ananunua ya nini?

#2 Nubi_wa_Bombo
Umeibiwa mzee wangu. Swali lako la mwisho ndio jibu. Uzi ufungwe.

#3 Broka_Lira
Usifungwe bado. Mimi nafanya hii kazi na nitasema bila kuogopa, alizeti iliyoota inatoa mafuta kidogo, hiyo kila mtu wa mashine anajua. Ukiingiza gunia zuri na gunia lililoota, ndoo hazilingani. Kwa nini, mimi sijui, sikusomea. Lakini nusu ya bei ni kali, hapo nakubali huyo mwenzangu alikuona uko peke yako.

#4 Kijana_Wandegeya
Salamu wazee. Niko nasoma biokemia Makerere na hii mada imenitoa jasho sana kwa hiyo ngoja nijaribu. Mbegu imebeba mche mdogo pamoja na chakula chake. Ulezi na mahindi zinaweka chakula kwa mfumo wa wanga, alizeti na simsim na karanga zinaweka mafuta, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kilokalori kama 9 na ya wanga ina 4, yani ndani ya mbegu ndogo unabeba nguvu mingi. Shida ni kwamba mafuta hayasafiri kutoka seli moja kwenda nyingine. Mzizi unataka sukari, ukuta wa kila seli mpya unajengwa na sukari. Kwa hiyo mbegu inayachukua mafuta inayakatakata, halafu inayapitisha kwenye njia inaitwa mzunguko wa glaioksileti, yanatoka sukari. Hiyo njia aliigundua Hans Krebs 1957, akaikuta ndani ya vifuko vidogo vya seli vinaitwa glaioksisomu. Kwa hiyo samahani mzee wa Bweyale lakini mnunuzi yuko sawa, mafuta yako yamegeuka sukari.

#5 Nubi_wa_Bombo
Sukari! Basi mzee gunia ligeuze, lipeleke kiwanda cha sukari Kakira.

#6 Mwalimu_Jinja
Kijana wa #4 umeeleza vizuri ila umempa Krebs kila kitu. Huo mzunguko ulitangazwa 1957 na Hans Kornberg pamoja na Krebs, na walikuwa wanafanya kazi na bakteria, si mbegu. Aliyeuleta kwenye mimea ni Harry Beevers, mwaka huo huo, akiandika na Kornberg. Beevers ni Mwingereza aliyehamia Marekani, akafanya kazi miaka mingi Purdue halafu akaenda Santa Cruz kule California. Na glaioksisomu zilikuja baadaye kabisa, 1967, Breidenbach na Beevers, ndio walivitenga hivyo vifuko wakaonyesha kwamba mashine nzima ya kugeuza mafuta imekaa humo.

Na mnajua alitumia mbegu gani? Nyonyo! Hii mbarika inayoota nyuma ya vyoo vyenu na hakuna anayeipalilia, ambayo asili yake ni huku kwetu, Ethiopia na Afrika Mashariki. Aliipenda kwa sababu chakula chake kiko nje ya mche, kinene, ni mafuta na protini karibu tupu, na hakigeuki kijani. Ukiiotesha gizani, sukari yoyote utakayoipata haiwezi kuwa imetoka kwa jua. Lazima imetoka kwa mafuta. Ukiipima siku baada ya siku unaona mafuta yanashuka na sukari inapanda. Mimi nimefundisha hii kitu watoto wa sekondari kwa mbegu za kuokota, sikuhitaji kununua kitu.

#7 Dada_Zai_Arua
Mwalimu unawapa watoto wa watu nyonyo?? Si hiyo ndio ina sumu, kuna mtu aliuawa nayo Ulaya na mwavuli.

#8 Mwalimu_Jinja
Dada Zai, ni Georgi Markov, Mbulgaria, London 1978. Sumu yenyewe ni risini, na risini ni protini, imewekwa kwenye mbegu pamoja na protini zingine za akiba. Watoto walivaa glavu na hakuna aliyetafuna kitu. Ila umeuliza vizuri maana inatufikisha kwenye protini, ambayo kijana ameiruka.

#9 Dada_Zai_Arua
Na haya mafuta ya nyonyo tunayopaka nywele?? Mimi napaka kila wiki jamani.

#10 Mkemia_Busia
Paka tu dada. Risini inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo ukikamua inabaki kwenye mashudu. Ndio maana mashudu ya nyonyo hayapewi mifugo hivi hivi. Mashudu ya alizeti ni sawa, usichanganye hizo mbili.

#11 FundiMashine_Arua
Naona tunakwenda shule sasa lakini ngojeni niongee ya mashine. Mimi nakamua alizeti na simsim, mashine ya skrubu. Alizeti iliyoota ina tatizo lingine kabisa ambalo si sukari wala nini. Watu wanaikausha juu juu, ganda likilia wanasema tayari, kumbe ndani bado bichi. Mbegu yenye maji mingi haishiki kwenye skrubu, inateleza, inageuka uji, mashudu yanatoka laini yana mafuta yake yote. Wewe unaona ndoo haijajaa unasema mbegu haina mafuta. Mafuta yapo, yamekwenda kwa nguruwe! Mzee wa #1 nakuuliza, ulikausha mpaka wapi? Mimi nataka asilimia 8 au 9 hivi ya unyevu, zaidi ya hapo nakurudisha nyumbani.

#12 Mkulima_Bweyale
Fundi mimi kipimo sina, napima kwa meno. Ilikuwa inakatika kwa sauti. Lakini mnunuzi hakukamua kitu, alipasua kwa kucha tu akaamua.

#13 Broka_Lira
Kucha yenye uzoefu mzee. Mbegu nzuri ukiibana inaacha alama ya mafuta kwa kidole.

#14 Nubi_wa_Bombo
Kidole cha broka kina mafuta tangu asubuhi, alikula samosa.

#15 Kijana_Wandegeya
😂😂 Mwalimu karibu, umeniokoa na tarehe. Lakini fundi hata kama ni unyevu, sukari bado inatengenezwa, hizo ni sababu mbili pamoja.

#16 Mwalimu_Jinja
Ni zaidi ya mbili, na hapa nataka kumtetea mkulima. Watu wanachanganya kuota na kukua. Mbegu ikinywa maji, kazi ya kwanza, mpaka kamzizi kutoka, inafanywa kwa akiba ndogo ya sukari iliyokuwemo tayari, na protini zinaanza kukatwa. Mafuta kwa kiasi kikubwa yanaguswa BAADA ya mzizi kutoka, wakati mche unarefuka kutafuta jua. Sasa mzee anasema mizizi mingi ilikuwa haionekani hata. Hapo mafuta yaliyoliwa ni kidogo. Mbegu yenye mzizi wa punje ya mchele imeanza kweli, lakini kufika nusu? Sikubali.

Na kuna sababu kwa nini haianzi haraka. Mafuta ndani ya mbegu hayajamwagika ovyo. Yamekaa kwenye matone madogo sana, na kila tone limefunikwa na protini maalum zinaitwa oleosini, zimeshonwa juu yake kama mdomo wa gunia, na ndio maana matone hayaungani hata mbegu ikikauka miezi. Kimeng'enya cha kukata mafuta, yani lipesi, hakifiki vizuri mpaka hizo oleosini zitolewe. Kwa hiyo kabla mmea haujala mafuta inabidi kwanza uvunje protini. Kazi mbili zimefungwa pamoja.

#17 Kijana_Wandegeya
Hapo mwalimu umegusa kitu ambacho ndio kwanza kinachimbwa. Oleosini haziondoki zenyewe. Kuna protini ndogo inaitwa yubikwitini, seli inaibandika kwenye protini inayotaka kuitupa, ikishabandikwa inapelekwa kwenye proteasomu inakatwa vipande. Waliogundua mfumo huo wa yubikwitini walipata Nobeli ya kemia 2004, Ciechanover, Hershko na Rose. Ila tatizo la oleosini ni kwamba zimezama kwenye mafuta, huwezi kuzivuta tu. Mwaka 2018 makundi mawili yalionyesha kwenye mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, kwamba kuna protini inaitwa PUX10 inakaa juu ya tone, inaita mashine nyingine CDC48, ndio inaing'oa oleosini kutoka kwa mafuta ipelekwe kukatwa. Mmea usio na PUX10 unachelewa kuzitoa. Yani hapo ndipo mtu anayesoma uvunjaji wa protini na mtu anayesoma mafuta wanagundua wanafanya kazi kwenye chumba kimoja.

#18 Afande_Mstaafu
Kijana nimesoma hiyo mara mbili, nimeelewa gunia la mwalimu tu. Endelea lakini.

#19 Malwa_Soroti
Mimi naongea kama mtu wa ajon, pombe yetu ya ulezi huku Teso. Sisi ulezi tunaulowesha, tunauotesha, tunaukausha, unakuwa kimea, na kila mama wa Teso anajua ukiacha uote sana kimea kinaharibika, mizizi inakula utamu wote, pombe inakuwa maji. Kwa hiyo mbegu inajila, hiyo ni kweli hata bila Nobeli. Swali langu kwa mwalimu, je karanga haiwezi kuwa kimea? Tuna karanga mingi.

#20 Mwalimu_Jinja
Malwa, ulezi ni wanga. Ukiota unatengeneza amilesi, inakata wanga kuwa sukari, hamira inakula sukari inatoa pombe, mnakunywa. Karanga ni karibu nusu yake mafuta na robo protini, wanga kidogo. Utapata kitu kinanuka na povu hakuna, mafuta yanaua povu.

#21 Malwa_Soroti
Basi tubaki na mirija yetu.

#22 Nesi_Kasese
Samahani naingia kwa upande mwingine. Kuna kina mama wanaambiwa karanga zilizoota zina protini mingi zaidi wawape watoto. Kweli au uongo? Maana mimi naona wanachukua zile zilizolowa na mvua, zina ukungu, wanasema "zimeota, ni dawa".

#23 Kijana_Wandegeya
Dada nesi, protini haiongezeki. Mbegu haina mahali pa kutoa naitrojeni mpya ya kujengea protini. Protini za akiba za karanga, kubwa yake inaitwa arakini, zinakatwa kuwa asidi amino ili zijenge mche. Ukipima unaweza kuona asilimia imepanda, lakini ni kwa sababu vingine vimeliwa, si kwamba protini imezaliwa. Labda zinakuwa laini tumboni kidogo kwa sababu zimeshakatwa, hiyo sikatai.

#24 Mkemia_Busia
Na kwa ukungu mama asicheze. Aflatoksini inatoka kwa ukungu wa Aspergillus, karanga zilizolowa zikarundikwa ndio nyumba yake, na kukaanga hakuiondoi yote. Ni sumu ya ini. Zilizo na ukungu, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zitolewe. Kuotesha kwa maji safi jikoni ni kitu kingine, kuota gunia ni kingine.

#25 Nesi_Kasese
Asante, nitawaonyesha hii kesho kliniki.

#26 Afande_Mstaafu
Sasa mimi nina swali la kibinafsi. Kama mbegu inaweza kugeuza mafuta kuwa sukari, mimi hapa nina tumbo tangu nistaafu, mbona halinigeukii nguvu? Natembea mpaka barabara ya lami kila asubuhi.

#27 Mwalimu_Jinja
Afande wewe huna hivyo vimeng'enya viwili, isositreti laiesi na maleti sinthesi. Mbegu inavyo, bakteria wengi wanavyo, binadamu hatuna. Mafuta yako unaweza kuyachoma upate nguvu, lakini ile njia ya kuyageuza kuwa sukari kwa wingi imefungwa. Ni sehemu ndogo tu ya tone la mafuta, ile gliseroli, inayoweza kuwa sukari.

#28 Nubi_wa_Bombo
Afande umeshindwa na nyonyo.

#29 Afande_Mstaafu
Nyonyo haijawahi kulinda mpaka.

#30 MamaYaa_Otuke
Wanangu mmeongea mengi mazuri lakini mmesahau sisi wa moo yaa, mafuta ya kokwa za mti wa shea. Mafuta ya yaa tunayajua kwa mikono. Kokwa ikianguka chini ikakaa kwenye majani mabichi ikaanza kuota, mafuta yake yanakuwa na ukali kooni na harufu, hayakai. Kiasi haipungui sana, ni utamu ndio unaondoka. Ndio maana tunafundishwa kuchemsha kokwa mapema kabla ya kuanika. Zamani tulianika tu, sasa wanunuzi wa nje wanataka zilizochemshwa. Kwa hiyo mimi nasema ya mzee wa Bweyale si kwamba mafuta yamekwisha, yameharibika. Hayo ni mawili.

#31 Mkemia_Busia
Mama umewashinda wote humu, mimi nilikuwa naogopa kuandika hilo watu waseme naleta sababu ya nne. Hapo kwenye kuchemsha, mama, mnaua mche na mnaua lipesi pamoja. Lipesi ikianza kazi inakata mafuta yanatoka asidi za mafuta huru. Bado ni mafuta, yatatoka kwa mashine, ndoo inaweza kujaa kabisa! Lakini yana asidi. Kiwanda cha kusafisha kinaondoa hiyo asidi na kila kinachoondolewa ni hasara kwao, kwa hiyo wanakata bei huku chini. Kuna kipimo, thamani ya asidi, unahesabu miligramu za potasiamu haidroksaidi zinazotumika kwa gramu moja ya mafuta. Kiwango cha Codex, yani viwango vya chakula vya kimataifa, kwa mafuta ya kukamua baridi ni mwisho 4, kwa yaliyosafishwa ni 0.6. Nimepima alizeti iliyolowa ikakaa kwenye gunia la plastiki, ilikuwa juu ya 4 na mkulima alikuwa haamini maana rangi ilikuwa nzuri tu.

Na halafu usichanganye na kuchacha kwa hewa. Huko ni oksijeni inashambulia mafuta, hasa ya alizeti kwa sababu yana asidi ya linoleiki kwa wingi. Moo yaa ina oleiki mingi ndio maana inavumilia zaidi.

#32 Broka_Lira
Asante mkemia. Sasa mnaona sisi mabroka hatukati bei kwa roho mbaya.

#33 Nubi_wa_Bombo
Wewe ulisema mafuta yamepungua. Yeye anasema ndoo inajaa. Ni lipi?

#34 Broka_Lira
Yote.

#35 FundiMashine_Arua
Mimi bado niko na unyevu wangu. Hakuna mtu amenijibu. Niletee alizeti iliyoota mzizi mfupi, uikaushe sawasawa kwangu chini ya macho yangu, nitakutolea mafuta karibu sawa na nzuri. Nimefanya. Ile yenye mzizi mrefu sitabishana, hiyo ina mapengo.

#36 Kijana_Wandegeya
Fundi inakubaliana na mwalimu #16 kuhusu mzizi mfupi. Ila mwalimu naomba nikusumbue kidogo. Huo mzunguko wa glaioksileti tunaufundishwa kwamba bila huo mbegu ya mafuta haiwezi. Mwaka 2000 Peter Eastmond na wenzake waliotesha Arabidopsis isiyo na isositreti laiesi kabisa. Ikaota! Mafuta yakavunjwa vilevile, ikayachoma tu kwa kupumua. Ilipata shida ikiwa gizani au mwanga hafifu, haikurefuka vizuri, ukiipa sukari inapona. Halafu 2006 huyo Eastmond akaonyesha lipesi yenyewe, SDP1, mmea usio nayo unabaki na mafuta yake umekwama mpaka uupe sukari. Kwa hiyo kinachobana ni kufungua tone, si kugeuza sukari. Mimi niliandika #4 kwamba mafuta yamegeuka sukari, lakini inawezekana sehemu nzuri imechomwa tu ikatoka hewani na joto. Ndio lile joto mtu anasikia akiingiza mkono kwenye gunia lililolowa.

#37 Mwalimu_Jinja
Arabidopsis ni Arabidopsis, mbegu yake ni vumbi na majani yake yanaona jua haraka. Nyonyo na alizeti zinafukiwa chini, zinarefuka gizani. Usibebe matokeo ya vumbi ukayatupia alizeti ya Kiryandongo bila kupima. Na lile joto la gunia usiwape mbegu peke yake, ukungu nao unapumua, na ukungu una lipesi zake. Nusu ya asidi ya mkemia inaweza kuwa kazi ya ukungu wala si ya mbegu.

Na kuna kitu kimoja zaidi ambacho broka hajakifikiria. Mafuta yana oksijeni kidogo sana. Yakigeuzwa kuwa sukari yanachukua oksijeni hewani. Kwa hiyo mbegu ya nyonyo ikianza kuota gizani, ukiikausha kabisa ukaipima, mwanzoni uzito mkavu unaweza hata kupanda kidogo huku mafuta yanashuka. Mizani haioni kitu.

#38 Broka_Lira
Yani mkulima ananiuzia oksijeni??

#39 Nubi_wa_Bombo
Na wewe unailipa nusu bei, faida tupu.

#40 Mkulima_Bweyale
Nimesoma yote, asanteni sana. Nina baki kidogo nyumbani sikuipeleka. Nikichagua zilizoota na zisizoota nikazitenga, kuna mtu anaweza kunipimia? Nataka nijue ni pungufu au ni asidi au ni maji.

#41 FundiMashine_Arua
Leta, ila Arua ni mbali kwako mzee, nauli itakula mafuta. Tafuta mashine ya karibu, mwambie aanze na nzuri halafu iliyoota, asibadilishe kufunga skrubu katikati, na upime mashudu pia, si ndoo peke yake. Watu wanasahau mashudu.

#42 Mkemia_Busia
Na nitumie vichupa viwili vya mafuta na basi, vimefungwa, vimekaa gizani. Nitapima asidi bure. Usikawie wiki nyingi, yanazidi kubadilika njiani.

#43 Kijana_Wandegeya
Mzee ukitenga, tenga makundi matatu. Zisizoota, mzizi mfupi usioonekana vizuri, na mzizi mrefu. Hilo la katikati ndio mwalimu na mnunuzi wanagombania.

#44 Afande_Mstaafu
Wakati mzee anatenga mimi niulize ya karanga. Hizi za miezi mitatu, Red Beauty, ukichelewa kung'oa na mvua ikinyesha zinaota ndani ya ardhi, unang'oa mche mpya. Za jirani yangu za kutambaa hazioti hata akichelewa. Udongo ni mmoja. Mke wangu anasema ni mkono wake.

#45 Mwalimu_Jinja
Mkono wa mama unaheshimiwa, ila ni aina. Zile fupi zilizosimama hazina usingizi, zikikomaa ziko tayari kuota hapo hapo. Zile za kutambaa zina usingizi wa wiki kadhaa baada ya kukomaa, hata maji yakija hazijali. Uliza kituo cha utafiti cha Serere, ndio wanaotoa hizi aina za karanga za Serenut, watakuambia ipi ina usingizi ipi haina. Kwa fupi dawa ni kung'oa kwa wakati, basi.

#46 Afande_Mstaafu
Kung'oa kwa wakati na vibarua wote wamekwenda kwenye mazishi. Haya.

#47 Dada_Zai_Arua
Na simsim? Yangu ya mwaka jana haikuota kabisa, niliihifadhi kwenye jerikeni jikoni karibu na moshi. Ni mafuta yamechacha au ni nini?

#48 Mkemia_Busia
Inaweza. Mbegu ya mafuta ikikaa kwenye joto mafuta ya ngozi za seli yanaoksidika, yanatoboka, mche unakufa ndani.

#49 Mwalimu_Jinja
Au ilifungwa na unyevu. Au iliiva kwa moshi. Au ulinunua sokoni iliyokuwa imeshakufa. Dada Zai otesha mbegu chache juu ya kitambaa kibichi kabla ya kupanda shamba zima, usibahatishe.

#50 Dada_Zai_Arua
Niliipanda yote mwalimu.

#51 Nubi_wa_Bombo
Pole dada. Broka, simsim iliyokufa mnanunua bei gani?

#52 Broka_Lira
Iliyokufa bila kuota? Hiyo kwa mashine haina shida kabisa, ilimradi haina harufu. Anitafute.